Maziwa Aliyonyimwa Warigia

Mama mkwe alifungua mlango bila kubisha, akamkuta Mbeti ameinamia sinki, blauzi wazi, akikamua maziwa ya kifua chake na kuyaacha yaende na maji ya bomba.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakamua, Maitu. Yamejaa mpaka yananiuma."

"Na mtoto je?"

"Amekunywa ile soya yake. Amelala."

Mama mkwe aliweka kikapu chini polepole. Alikuwa mjane mrefu wa Dandora, kiongozi wa kina mama kanisani kwao, na kitambaa chake cha kichwani hakikuwahi kuonekana kimepinda hata siku ya upepo. Aliyatazama yale maziwa yakizunguka kwenye tundu la sinki, uso ukamkunjika.

"Mimi nalala njaa pale kitandani," akasema, "na chakula changu unakimwaga kwenye mtaro wa Kware."

Asiyejua angedhani anatania. Wala hakuwa anatania. Mtoto aliitwa Warigia kwa sababu ndiye binti wa kwanza wa Gichuru, mume wa Mbeti, na kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mama mkwe ndiye Warigia mwenyewe. Kwa watu wa Gichuru, na hata kwa kina Mbeti kule Embu, jina hilo si la kuazimana tu. Nyanya ndiye mtoto, na mtoto ndiye nyanya. Tangu mtoto azaliwe, mama mkwe alikuwa akiingia na kuuliza, "Nimelalaje leo? Nimenyonya vizuri?" Mbeti, aliyefiwa na mama yake angali shule ya msingi, alikuwa akifurahi sana kumjibu, "Umenyonya, Maitu, umeshiba mpaka umecheua." Maitu, yaani mama yangu, ndivyo alivyowaita wote wawili, mkubwa na mdogo.

Siku hiyo Mbeti hakucheka. Alifunga vifungo vya blauzi kwa hasira. Jambo hili alikuwa ameshalieleza mara nyingi, mumewe amelieleza, na daktari naye amelieleza. Sasa anasimama jikoni mwake, kifua kinamchoma moto, akiulizwa upya kana kwamba yeye ndiye aliyeamua kumfanyia mtoto wake ukatili.

Na ukweli wa jinsi walivyofika hapo unaudhi, hata kuusimulia tu.

Mtoto alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Akanyonya siku chache, kisha akaanza kugeuka manjano. Kila akinyonya anatapika. Mbeti akampeleka zahanati ya mtaani, na muuguzi wa pale hakumgusa wala hakumfunua nguo. Alimtazama kwa mbali tu akasema, "Ni manjano ya kawaida ya watoto. Muanike juani asubuhi, na umnyonyeshe zaidi."

Muanike juani! Mtaani Kware kuna jua wapi? Majumba yamebanana kiasi kwamba ukikosa chumvi unanyoosha mkono dirishani na jirani wa jengo la pili anakupa. Jua la Kware liko juu ya paa. Kwa hiyo Mbeti, mshono wa kuzaa bado haujapona, alikuwa akipanda ngazi zote zile mpaka juu, anakaa kati ya kamba za nguo, anamfunua mtoto na kumpa ziwa. Anampa tena. Mtoto akilitema, anambembeleza mpaka alishike. Aliporudi zahanati kusema kwamba hali imezidi, muuguzi alimwonyesha picha ya mama anayetabasamu ukutani.

"Unamwona huyu? Huyu ananyonyesha. Nyinyi wasichana wa siku hizi mnaogopa matiti yaanguke, halafu mnakuja hapa kutusumbua."

Mbeti aliona aibu, akaenda nyumbani kunyonyesha zaidi. Hilo ndilo lililokuja kumchoma roho kuliko yote. Picha ile haikusema uongo, maana karibu watoto wote wa dunia hii huokolewa na ziwa la mama. Lakini aliyekuwa mbele ya muuguzi hakuwa watoto wote wa dunia. Alikuwa mtoto mmoja, wa manjano, anayekonda, na hakuna aliyejisumbua kumtazama yeye.

Mtoto alipolegea asilie tena, Gichuru aliacha viatu vya tairi alivyokuwa akivishona sokoni Kariokor, wakakimbilia hospitali kubwa. Huko ndiko walikokutana na Daktari Qorane, kijana mpole wa Eastleigh mwenye sauti ya chini. Alimulika macho ya mtoto kwa tochi ndogo, akaona ukungu umeanza kutanda ndani. Akapapasa ini. Kisha, hata kabla ya kupata majibu ya vipimo, akamgeukia Mbeti.

"Acha kumnyonyesha, mama. Kuanzia sasa hivi."

Majibu yalipokuja aliwaketisha wote wawili kando ya kitanda akawaeleza, na hakuwafanya wajinga.

"Maziwa yote, ya mama, ya ng'ombe, ya mbuzi, yana sukari yake. Tumboni sukari hiyo hukatwa vipande viwili. Kimoja ni glukosi, hiyo mwili unaitumia moja kwa moja. Kingine kinaitwa galaktosi, na hiyo lazima ibadilishwe kwanza. Sasa, ndani ya seli kuna kazi ambazo sukari haiwezi kuzifikia kwa miguu yake. Lazima ibebwe. Kuna mbebaji, sisi tunamwita UDP, anayeibeba sukari mgongoni kama mama anavyombeba mtoto kwa leso. Galaktosi ikifika inamkuta mbebaji tayari ana glukosi mgongoni. Kwa hiyo mwili una kimeng'enya, kifanyakazi kidogo sana, ambacho kazi yake ni kuishusha ile glukosi na kuipandisha galaktosi mahali pake."

"Na kwa huyu wetu?" Mbeti akauliza.

"Kwa huyu wenu hicho kimeng'enya hakifanyi kazi. Galaktosi inabaki chini, haina wa kuibeba. Inarundikana. Inaharibu ini, inaingia machoni, ikiachwa inaua. Kila akinyonya, rundo linaongezeka."

Gichuru alikuna kichwa. "Lakini daktari, kama mwili una njia yote hiyo ya kuibeba, si inamaanisha unaihitaji? Tukimnyima maziwa, hiyo galaktosi ataitoa wapi?"

Daktari alifurahi kuulizwa. "Anaihitaji sana. Seli zake hujivika sukari hizo kwa nje, ndizo zinazozisaidia kutambuana. Lakini kuna kimeng'enya kingine, na hicho anacho. Hicho huichukua glukosi ikiwa palepale mgongoni mwa mbebaji, bila hata kuishusha, kinaigeuza inakuwa galaktosi. Mtoto wenu anajitengenezea mwenyewe. Kwa hiyo msiseme mnamnyima. Hakuna anachokikosa kwenye maziwa ambacho hatakipata kwingine."

Neno hilo Mbeti alilishika kwa mikono miwili. Ndilo alilomweleza tena mama mkwe pale jikoni, mwanzo hadi mwisho, kwa heshima yote aliyobaki nayo: maziwa, vipande viwili, mbebaji, rundo. Mama mkwe alisikiliza akiwa amefumbata mikono. Mwishowe akapumua.

"Nimeelewa," akasema, na kwa upole hasa. "Basi wewe pumzika. Mimi na Shirleen tutakuwa tunakuja kukushikia mtoto."

Shirleen alikuwa dada mdogo wa Gichuru, na yeye mwenyewe alikuwa ananyonyesha kitoto cha kiume kilichonona hadi mikono ikawa na mikunjo. Mbeti aliposikia hivyo alikaribia kulia kwa shukrani. Hatimaye ameeleweka.

Wiki hiyo alitoka mara kadhaa. Soya ile ya watoto haikupatikana Kware, ilimbidi aende mjini duka kwa duka akiisaka. Alimwacha mtoto mikononi mwa Shirleen, chupa zimechemshwa na kupangwa mezani, na akirudi anamkuta amelala fofofo.

"Amekunywa?"

"Ameshiba, wifi. Usijali." Shirleen alijibu akiangalia simu.

Lakini Mbeti akimpa chupa, mtoto anageuza uso. Kisha kutapika kukarudi. Weupe wa macho ukaingia manjano tena. Mbeti alichemsha chupa upya, akabadilisha maji, akasoma maandishi yote ya mkebe wa soya akitafuta wapi amekosea. Alijilaumu kwa kila kitu alichoweza kukifikiria, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kosa lake. Asubuhi moja mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa, wakarudi hospitali mbio.

Sukari ya damu ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamchoma sindano kichwani, maana mishipa ya mikono ilikataa kuonekana. Mama mkwe na Shirleen nao walifika wakihema. Daktari Qorane alitazama vipimo, akawatazama wote wanne.

"Huyu amepewa maziwa," akasema. "Si mara moja. Maziwa ya nani?"

Gichuru, mume wake mwenyewe, akamgeukia Mbeti. Akakitazama kifua chake, ambacho bado kilikuwa kinavujisha na kulowesha blauzi.

"Mbeti," akasema taratibu, "ulishindwa kuvumilia? Niambie tu. Sitakasirika."

Hatakasirika! Mbeti alihisi damu inampanda hadi masikioni. Huyu ndiye aliyemwona akilala na majani ya kabichi kifuani kwa maumivu. Huyu ndiye aliyemsikia akilia bafuni kila mtoto wa jirani alipolia na maziwa yakamtoka yenyewe. Na bado, kitu kikiharibika, mkosaji wa kwanza kumfikiria ni yeye.

"Mimi?" akasema. "Gichuru, unaniuliza mimi?"

Ndipo Shirleen alipoangua kilio.

"Ni mimi. Mi nilimnyonyesha. Walai sikujua, wifi. Maitu aliniambia ni ya kwako tu ndiyo mbaya."

Wote wakamgeukia mama mkwe. Hakuinamisha kichwa wala hakukana.

"Ndiyo, nilimwambia," akasema. "Si mlisema maziwa ya mama yake ndiyo yanamdhuru? Nikaona basi ziwa la Mbeti lina ubaya. Hiyo hutokea. La Shirleen ni la kwetu, ni damu yetu, na mtoto wake mnamwona alivyo. Mimi ningejiacha nife kwa unga wa maharagwe?"

Daktari alivuta kiti akaketi mbele yake. "Mama, maziwa ya Mbeti hayana ubaya wowote. Angemnyonyesha mtoto wa Shirleen, yule mtoto angenenepa vilevile. Na ya Shirleen yana sukari ileile, ndiyo iliyomlaza huyu hapa. Pengo liko kwa mtoto. Na hakulipata upande mmoja. Nusu kwa mama yake, nusu kwa baba yake."

"Kwa Gichuru?"

"Kwa Gichuru. Naye Gichuru alilipata kwa mmoja wenu, wewe au marehemu mzee. Halimuumizi anayebeba nusu."

Pengine mambo yangeishia hapo kwa adabu, wakwe wakanyamaziana kama kawaida ya wakwe. Lakini Mbeti alikuwa amechoka na adabu. Alisimama, na sauti iliyomtoka iliwafanya kina mama wa vitanda vingine wageuke.

"Maitu, kila siku unaniambia huyu ni wewe. Haya, njoo ujione. Sogea! Sindano hii iko kichwani mwako. Haya macho yenye ukungu ni yako. Ini lililovimba ni lako. Nilikueleza mwanzo mpaka mwisho, ukaniambia umeelewa, kumbe ulikuwa unatafuta tu njia ya kuniona mimi ndiye mchafu. Ulilia kwamba nakunyima maziwa. Basi umeyanywa. Umeshiba?"

"Mbeti, taratibu," Gichuru akanong'ona.

"Na wewe nyamaza. Ulipata nafasi ya kuongea ukaitumia kuniuliza kama ni mimi."

Mkaza mwana hamfokei mama wa mumewe, hata leo, hata Nairobi. Watu walingoja mama mkwe ajibu, maana si mtu wa kukosa jibu. Yeye alisogea kitandani, akamtazama yule mtoto mdogo wa manjano aliyebandikwa plasta kichwani. Kisha akachukua kikapu chake akaondoka. Tangu siku hiyo Mbeti aliacha kumwita Maitu. Alimwita Mama Gichuru, kama anavyoitwa na majirani.

Mtoto alipona. Manjano yakaondoka, akaanza kunywa chupa hadi tone la mwisho, na daktari akasema hata ukungu wa macho unapungua. Akaruhusiwa kwenda nyumbani. Na nyumbani kukawa na lingine la kungojewa: kina mama wa kanisa la Dandora walikuwa wametangaza kuja kumwona mtoto, na ugeni wa namna hiyo hauahirishwi kwa sababu mwenye nyumba ana kinyongo.

Walikuja Jumamosi mchana wakiimba ngazi nzima, wamevaa vitambaa vyao, mikononi chupa za chai, pakiti za maziwa na vitenge. Sebule ya Mbeti ikajaa hadi wengine wakakalia kitanda. Mama mkwe alikaa kwenye kochi katikati yao. Chai nzito ya maziwa ikamiminwa vikombeni. Mtoto akapita mkono hadi mkono.

"Ananyonya vizuri?" akauliza mama mmoja mwenye sauti nene ya kwaya.

"Hanyonyi," Mbeti akasema. "Hatumii maziwa ya aina yoyote. Yanamdhuru."

Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo. "Mtoto wa Kikuyu asiyetumia maziwa! Wasichana wa siku hizi, kila kitu ni aleji." Yule wa sauti nene alikuwa ameshamimina maziwa ya uvuguvugu kwenye kifuniko cha chupa. "Aonje tu baraka yetu. Tone moja."

"Hapana, mama. Tafadhali."

"Tone moja litamfanya nini? Sisi tumelea watoto kabla wewe hujazaliwa."

"Nimesema hapana!"

"Hebu sikia anavyoongea na watu wazima."

Kifuniko kilikuwa kinakaribia mdomo wa mtoto. Mbeti aliruka juu ya magoti ya watu, lakini chumba kilikuwa kimejaa na yeye alikuwa mbali. Na alijua kwa uchungu kwamba hata akifika, hata akikipiga kile kifuniko kikaangukia zulia, kesho Dandora nzima itasimulia juu ya mke wa Gichuru aliyewapiga kina mama wa kanisa. Na watarudi. Kutakuwa na ubatizo, na Krismasi, na harusi za mabinamu, na kila mahali kutakuwa na mtu mwenye kikombe na tone moja tu.

"Weka chini hicho."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, utando umeshaganda juu. Alikisukuma mbali naye.

"Mimi sinywi maziwa," akasema.

Wakacheka. "Wewe Warigia? Wewe wa kumaliza chai ya harusi?"

Hakucheka nao. "Nauliza, huyo mtoto ni nani?"

"Si ni wewe," akajibu yule wa sauti nene, kicheko kikimwishia.

"Ni mimi. Ni Warigia. Na Warigia hanywi maziwa. Si ya ng'ombe, si ya mbuzi, si ya kifua cha mtu, hata cha binti yangu. Nilipewa nikalazwa hospitali, nikachomwa sindano hapa." Akagusa kitambaa chake, juu ya paji la uso. "Atakayenipa hata tone, mimi au mimi yule mdogo, ajue amemuua nani, na aje aniambie usoni."

Kifuniko kikarudishwa mezani. Mama mmoja akazificha pakiti za maziwa chini ya kiti. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeomba kuelezwa. Mtoto akarudishwa mikononi mwa mama yake upesi, kama kitu cha mwenyewe.

Mbeti alimkumbatia, moyo ukimdunda, na kilichomjaa zaidi kilikuwa hasira. Alikuwa ameyasema maneno hayohayo. Daktari mzima aliyasema, kwa sababu zake zote, na wakahitaji kuyasikia kwa huyu! Kama angeyasema mapema, mtoto asingechomwa sindano ya kichwa. Na bado hakuwa ameomba msamaha, wala hakuonekana kama mtu atakayeomba.

"Nileteeni ya rangi," mama mkwe akasema, akaketi.

Mbeti alimkabidhi Gichuru mtoto, akaenda kukinga maji pale pale kwenye sinki alikomwaga maziwa yake, akayachemsha. Kifua kilikuwa kimekauka sasa. Akamletea kikombe cha chai ya rangi, ile ambayo mgeni wa heshima hapewi, akakitua mbele yake kwa kishindo kidogo. Mama mkwe aliionja mbele ya wenzake wote. Uso ukajikunja, maana hajawahi kunywa chai isiyo na maziwa maisha yake yote, lakini akameza. Akamvuta Mbeti kwa ncha ya leso, karibu na sikio lake.

"Na sukari je?" akauliza chinichini. "Hii ya kijiko. Naruhusiwa?"

Mbeti alimtazama. Alikuwa bado amekasirika, na angebaki hivyo kwa muda mrefu.

"Unaruhusiwa, Maitu," akasema, akachota kijiko kilichojaa.